Niliapa Mara Mbili

Wale mnaonisoma kila wiki mtanivumilia nikiwakaribisha wageni kwanza. Wageni, naitwa Maluki. Nina miaka thelathini na minne, afya njema na mdomo usiofungika.

Mdomo huu ulinikosesha kazi kule Juja, katika duka la vigae, siku nilipomuuliza mke wa mteja kama vigae vya bafu la ile nyumba nyingine vilimpendeza. Hakujua kwamba kuna nyumba nyingine. Mdomo huu huu ndio uliomwambia mama wa mchumba wangu Lynn jinsi Lynn anavyomwiga akiomba kanisani. Lynn aliniacha siku hiyo hiyo, kabla chai haijapoa.

Ndipo Wakili Mehak Ratilal wa Thika aliponihurumia akaniajiri karani. Aliniapisha yeye mwenyewe, nimesimama, mkono juu. Chochote atakachosema mteja ndani ya ofisi ile, nitazikwa nacho.

"Neno moja likitoka, Maluki," aliniambia, "usirudi hata kuchukua mwavuli."

Wiki jana niliwaacha pale mlango ulipofunguliwa, nikainua kichwa kumkaribisha mteja, nikakuta ni Mzee Karanja.

Mzee Karanja ndiye mwenye ploti ninayopanga kule Gatongora, Ruiru. Tena ndiye mwenyekiti wa Nyumba Kumi yetu, ile kamati ya majirani ya kuangalia usalama, na mimi ndiye katibu wake. Nilichaguliwa kwa sababu nilikuwa mtu wa pekee aliyekuja mkutanoni na kalamu. Siku ile nilikula kiapo kingine mbele ya naibu wa chifu. Nikiona mtu anaumizwa katika nyumba zetu, hasa mtoto, nitasema.

Viapo viwili, mkono mmoja. Wakati ule sikuona tatizo lolote.

"Haiya, katibu!" Mzee Karanja akasema. "Kumbe ndio hapa unafanyanga kazi? Basi niko nyumbani."

"Hapa mimi ni karani, chairman. Karibu uketi."

Wakili alifunga mlango akaniashiria nichukue daftari. Hiyo ndiyo desturi ya ofisi yetu: mteja anazungumza, wakili anasikiliza, mimi naandika kila neno.

Mzee akavua kofia. Sijawahi kumwona bila kofia. Huyu ndiye mtu anayefunga geti saa tatu kamili hata kama wewe umesimama pale nje unampungia mkono. Sasa alikuwa anaipindapinda ile kofia magotini kama mtoto aliyeitwa na mwalimu mkuu.

"Madam, hii maneno nikisema, inaenda wapi?"

"Haiendi mahali. Inakaa hapa. Mimi siwezi kuitoa, na huyu karani pia hawezi."

Mzee alinitazama kwa muda. "Hata Maluki?"

"Hata Maluki."

Nilidhani nimeona uso wake ukinywea. Nikajiambia ni jua la dirishani.

"Kuna msichana kwangu," akaanza. "Mumbi. Ni wa dadake mke wangu, mama Ronny. Ako na miaka kumi na moja. Mama Ronny alimtoa kwao akasema atamsomesha huku. Sasa ni term mbili hajaingia class. Anafua, anapika, anabeba mtoto wa Ronny. Na Ijumaa akaangusha thermos..."

Akaipinda kofia tena.

"Endelea, mzee."

"Mama Ronny akamchapa na mwiko. Hapa." Akajigusa mkono wa kulia, karibu na kifundo. "Umefura. Vidole hazikunjiki."

Kalamu yangu ilisimama. Mumbi namjua. Mimi hutoka alfajiri kuja Thika na hurudi giza likiingia, lakini asubuhi humkuta penye bomba akichota maji, na hunisalimia, "Kazi njema, anko." Asubuhi ile na ya jana yake sikuwa nimemwona, wala sikujiuliza. Niliona haya pale pale kwenye kiti.

"Na wewe ulifanya nini?" Wakili akauliza.

"Mimi? Nilitoka nje nikaangalia geti."

"Geti lilikuwa na nini?"

"Halikuwa na kitu, madam."

"Lakini si wewe ndiye chairman?"

"Huko nje ndio chairman ni mimi. Ndani chairman ni mama Ronny."

Wakili alimweleza taratibu, kisha akamweleza kwa ukali. Mtoto apelekwe hospitali leo. Arudi shule. Halafu mzee aende mwenyewe kwa afisa wa watoto aseme yote, na yeye Wakili atafuatana naye.

"Mama Ronny atajua ni mimi nimesema."

"Ndiyo, atajua."

"Ai. Basi hapana."

Akavaa kofia akaondoka.

Mlango ulipofungwa tu nikaruka. "Madam, tupige simu!"

"Kwa nani?"

"Polisi! Afisa wa watoto! Mtu yeyote mwenye simu!"

"Keti, Maluki." Alikuwa amekasirika kuliko mimi, ila yeye hasira yake hukaa kimya. "Unafikiri mimi sitaki? Huyu mzee amekuja kwa sababu anajua mlango huu hauvuji. Siku watu wakijua unavuja, hakuna mwingine atakuja, na watoto kama huyo hata hatutawasikia. Nitampigia yeye simu kila siku mpaka masikio yamuume. Lakini tulichosikia hapa kimefungwa."

"Na Mumbi?"

Akavuta faili nyingine. Alisema bila kuniangalia. "Masikio yako nimeyaajiri. Hayo macho ulikuja nayo kutoka Gatongora, ni yako."

Nilifika steji ya matatu ndipo nikaelewa. Nikianza kuzungumza, nimevunja kiapo cha Wakili. Lakini nikiuona ule mkono mwenyewe, kama jirani, hiyo si siri ya mteja. Hiyo ni kazi ya katibu.

Kesho yake, Jumatano jioni, nilibisha kwa Mzee Karanja kuomba chumvi.

"Mumbi amelala," Mama Ronny akasema, kabla hata sijauliza. Mama Ronny ndiye kiongozi wa kwaya, na sauti yake haihitaji spika. Akanipa chumvi mwenyewe.

Alhamisi nikaomba kiberiti. Mumbi yuko dukani, akasema. Ijumaa nikaomba kitunguu.

"Maluki," Mama Ronny akasema, "si uoe tu."

Wiki hiyo ilinitesa. Kitheka, anayeninyoa, hufunga redio nikiingia kwa sababu mimi ndiye redio. Jumamosi nilikaa kwenye kiti chake nikasema mvua inakuja.

"Na nini ingine?"

"Hiyo tu."

"Budaa, uko sick?" Akanigusa paji la uso. Akaninunulia soda.

Nililala nikiwa na siri kifuani inanikwaruza. Kila nikifumba macho naona vile vidole visivyokunjika.

Kilichonishangaza ni Mzee Karanja mwenyewe. Kila tukikutana getini ananisogelea.

"Katibu, hakuna habari?"

"Hakuna, chairman."

"Hujaambia mtu kitu?"

"Hata paka sijamwambia."

Anashusha pumzi na kwenda zake. Nikaona ananipima, nikavimba kichwa. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilikuwa mtu wa kuaminika.

Jumapili baada ya kanisa tulikutana uwanjani kwake, viti vya plastiki kumi na viwili kando ya tangi la maji. Naibu wa chifu alikuwa ametuma fomu, na angepita saa kumi kuichukua. Mwenyekiti akafungua kwa maombi, mimi nikasoma.

Swali la kwanza, taa za barabarani. Hakuna. La pili, mbwa wasio na mwenyewe. Wengi.

"Swali la tatu," nikasoma. "Je, kuna mtoto yeyote katika nyumba zenu ambaye haendi shule, au ambaye ameumizwa?"

"Andika hakuna, tuendelee," Mama Ronny akasema kutoka mlangoni pa jikoni. "Chai inapoa."

Mwenyekiti alikuwa anasoma viatu vyake.

"Tutarudi kwa hilo," nikasema.

"Mrudi haraka. Leo niko na kazi. Kesho asubuhi nampeleka huyu msichana kwa cousin yangu Kiganjo, amejifungua, anataka mtu wa kumsaidia."

Kiganjo hakuna anayemjua Mumbi. Kule hakuna bomba ambapo ningemkuta. Nilikuwa na saa moja na nusu kabla naibu wa chifu hajafika.

Kisha chai ikaja, na aliyeileta alikuwa Mumbi. Jua la Ruiru lilikuwa linatupasua vichwa, lakini yeye alivaa sweta ya shule, mkono wa kulia umefunikwa mpaka kwenye kucha. Alinipa kikombe kwa mkono wa kushoto.

Nikanywa haraka. "Mumbi, niongeze."

Kushoto tena. Nikanywa.

"Niongeze, mama."

Cha nne kilinifika shingoni. Cha tano sijui kilipita wapi. Mama Lynn wa nyumba namba tisa (si yule Lynn wangu) alimnong'oneza mwenzake kwamba maskini, hata chai hana kwake.

Nilijua njia ya mkato. Ningemwambia tu, "Mtoto mwenye adabu hupeana kwa mkono wa kulia." Kila mtu mzima husema hivyo, na hakuna mtoto wa kwetu anayebisha. Lakini nilijua ule mkono unavyouma, na nilijua kwa sababu niliandika. Nikashindwa. Nikaomba kikombe cha sita.

Aliyesema ni Mzee Wainaina, ambaye haoni vizuri na hajui lolote.

"Wee msichana! Nani amekufundisha kupatia watu wakubwa kitu na kushoto? Hebu nipe vizuri."

Mumbi alimtazama Mama Ronny. Mama Ronny alitazama kando. Basi yule mtoto akashika kikombe kwa mkono wa kulia.

Kikaanguka. Chai yote ikamwagikia kwenye mkono wa sweta.

"Pole, pole, nitapanguza," Mumbi akasema mbio mbio, tayari amepiga magoti. Hakulia. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi, kwamba hakulia.

Niliinuka nikamkunjia mkono wa ile sweta iliyolowa. Mkono ulikuwa umevimba mpaka kifundo kimepotea, rangi ya zambarau, vidole vinne kama vya mtu mwingine.

"Ngai," Mama Lynn akasema.

Wote waliona. Watu wazima kumi na mmoja, wenye macho. Na wote, mmoja baada ya mwingine, wakageuka wakaangalia geti.

Geti halikuwa na kitu.

Nilikaa nikachukua kalamu. Niliandika kwa herufi kubwa: YUKO MMOJA. AMEUMIZWA MKONO WA KULIA. NIMEONA KWA MACHO YANGU. Nikaweka sahihi.

Sehemu ya shule nikaiacha wazi. Ya shule sikuiona. Ya shule niliisikia Thika, na iko chini ya kufuli.

Sasa fomu ilitaka sahihi ya mwenyekiti. Nikamvuta Mzee Karanja nyuma ya tangi. Nilijiandaa kumbembeleza. Nilijiandaa hata kumtisha.

Yeye ndiye aliyenifokea kwanza, kwa mnong'ono.

"Siku tano! Siku tano nangoja uongee!"

"Nini?"

"Ruiru haina mawakili? Wamejaa! Mimi nilipanda mpaka Thika, kwa huyo wako. Unafikiri kwa nini? Kwa sababu ni wewe uko hapo, Maluki! Nilijua nikisema mbele yako, kufika jioni Gatongora yote itajua, chifu atajua, mtoto atachukuliwa, na hakuna mtu atasema ni Karanja amesema."

Niliegemea lile tangi.

"Ulisema mambo ya vigae," akaendelea, karibu alie. "Ulisema mambo ya mamake Lynn. Ulisema hata mambo ya tumbo ya pasta. Yangu ndio umeamua kunyamazia?"

"Niliapa, chairman!"

"Na ni nani alikwambia uanze kuapa na mimi?"

Nyinyi mnacheka. Mimi nilitaka kulia. Mara moja tu nimekuwa mtu wa heshima, na aliyenitegemea alikuwa ametegemea nisiwe. Halafu aibu ikageuka hasira.

"Mzee, sikiliza. Mtoto amekaa na ule mkono siku tano kwa sababu wewe ulikuwa unangoja mdomo wangu na mimi nilikuwa nangoja macho yangu. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza kama anaumwa. Weka sahihi."

"Mama Ronny ataona."

"Ataona."

"Mimi naishi hapo ndani, Maluki. Wewe unalala kwako."

"Mumbi pia anaishi hapo ndani. Mpaka kesho asubuhi."

Alichukua kalamu. Akaweka fomu juu ya tangi. Akaandika K, kubwa na nzuri, na mkono ukagoma hapo.

"Mnaandika nini huko nyuma?"

Mama Ronny alikuwa amesimama kwenye kona, kitambaa cha jikoni begani. Alituangalia, akaangalia fomu. Akatuelekeza kwa kidole turudi kwenye viti, na sisi, mwenyekiti na katibu wa usalama, tukarudi.

"Soma," akaniambia. "Soma kwa sauti, watu wote wasikie. Si wewe ndio unajua kuongea hapa Gatongora?"

Nikasoma ya mkono. Nikafika hadi kwenye macho yangu na sahihi.

"Alianguka bafuni," Mama Ronny akasema. "Mtoto akianguka ni habari ya chifu? Anaendelea vizuri, anakula, anaenda shule. Ama kuna mtu amekwambia haendi shule? Sema, Maluki. Ni nani alikwambia?"

Kando yangu Mzee Karanja alikuwa ameacha kupumua.

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa na jibu lenye tarehe, mistari na sahihi, limelala katika daftari kule Thika. Neno moja lingemnyamazisha yule mama. Neno hilo hilo lingemfichua mteja, lingenimalizia kazi, na mwavuli wangu ungebaki Thika milele. Mdomo wangu, ambao haujawahi kukosa la kusema tangu nizaliwe, ulikauka kama kokwa.

"Unaona?" Mama Ronny akawaambia watu. "Hana kitu. Andika hakuna."

"Anko."

Sauti ilitoka chini kidogo ya bega langu. Mumbi alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu na birika mkononi, mkono wa kushoto. Sijui alikuwa hapo tangu lini. Alikuwa anasoma fomu. Alinyoosha kidole kimoja cha ule mkono ulioumia, taratibu, akaonyesha mahali nilipoacha wazi.

"Hapa hujaandika ya shule," akasema. "Andika term mbili. Nilikuwa Grade Five. Nilikuwa namba tatu."

Niliandika. Sikuwa nimeambiwa na mteja yeyote. Nilikuwa nimeambiwa na mwenyewe.

Machozi yalinidondoka kwenye neno "tatu" likachafuka kidogo, lakini linasomeka.

Mama Ronny hakumfokea. Alininyang'anya fomu, akaisogeza karibu na macho, akapitisha kidole mpaka chini kabisa, penye sahihi.

"Hii K," akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikawa ndogo. "Baba Ronny. Hii K ni ya nani?"

Hapo ndipo geti likagongwa. Mara moja, mara mbili. "Hodi, chairman! Ni naibu wa chifu! Nimekujia fomu!"

Safari hii geti lilikuwa na mtu, na hakuna hata mmoja aliyeligeukia. Watu wote, na Mumbi na birika lake, walikuwa wanamtazama Mzee Karanja.

Polepole, akavua kofia.